Bili ya Maji Imeruka Ghafla? Soma Mita Kabla ya Kugombana na Mtu

Ujumbe wa bili ya maji huingia kwenye simu kama jumbe nyingine zote. Wengi wetu tunausoma haraka, tunaangalia kiasi, tunalipa, tunaendelea na shughuli. Kisha mwezi mmoja kiasi kinaruka. Nyumba ni ileile, watu ni walewale, hakuna mgeni aliyelala kwako wala sherehe iliyofanywa, lakini bili imekuwa maradufu. Wazo la kwanza linalokuja ni kwamba umeibiwa: msoma mita amekosea, landilodi ameongeza lake, au kuna jirani amejiunganishia bomba usiku.

Yote hayo yanawezekana, na tutayafikia. Lakini mara nyingi maji hayo yamepita kweli kwenye mita yako, ila hayakufika kwenye mtungi, sufuria wala bafu. Yamevuja. Na kwa kuwa kila mwezi tunashughulika na watu wanaolipa bili kwa simu, tumeona ni vyema tueleze jinsi unavyoweza kujua ukweli mwenyewe kabla ya kutuma pesa, kabla ya kumwita fundi, na kabla ya kumpigia mtu yeyote kelele.

Anza na simu yako

Ikiwa unalipia maji kwa simu, tayari una rekodi ambayo wengi hawaikumbuki. Fungua jumbe zako za malipo au uombe taarifa ya akaunti ya miezi sita au kumi na miwili iliyopita, kisha uchukue malipo ya maji peke yake. Yaandike mahali kwa kufuatana. Utaona mambo mawili: kiwango chako cha kawaida, na mwezi ambao mambo yalianza kubadilika.

Huo mwezi ni wa maana sana. Bili iliyopanda pole pole kwa miezi minne ina sababu tofauti na iliyoruka mara moja. Ya kwanza inafanana na kitu kinachochakaa, kwa mfano mpira wa ndani ya tangi la choo. Ya pili inafanana na kitu kilichovunjika: bomba limepasuka ardhini, au boya la tangi limekwama.

Sasa tazama bili yenyewe, si kiasi cha kulipa tu. Kuna usomaji wa awali na usomaji wa sasa, na tofauti kati yake ndiyo yuniti unazodaiwa. Angalia kama usomaji ni wa mita au ni wa makadirio, maana msoma mita asipoifikia mita, kampuni inaweza kukadiria, na mwezi anaposoma kweli tofauti yote inaangukia bili moja. Angalia pia kama kuna deni la nyuma lililobebwa. Tunaona watu wakilalamika kwamba bili imepanda, kumbe malipo ya mwezi uliopita yalienda kwenye akaunti ya mtu mwingine kwa sababu nambari moja ya akaunti ilikosewa. Hapo hakuna maji yaliyovuja.

Mwisho, nenda nje na karatasi ya bili mkononi, ulinganishe nambari ya mita iliyoandikwa na ile iliyochongwa kwenye mita. Kwenye ploti ambako mita kumi zimepangwa ukutani karibu na geti, si ajabu kukuta mita ya mlango wa pili inalipiwa na mlango wa tatu.

Yuniti moja ni mitungi mingapi?

Yuniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Kwa hesabu ya nyumbani ni mitungi 50 ya lita 20. Tuseme kawaida yako ni yuniti 8 kwa mwezi, na sasa umeletewa 18. Yuniti 10 za ziada ni mitungi 500, karibu mitungi 17 kila siku. Sasa jiulize: nani hapa nyumbani amemwaga mitungi 17 zaidi kila siku bila wewe kujua? Hata ukiwa na vijana wanaokaa kwenye shawa hadi wimbo uishe, ni vigumu kufika huko.

Kuna jambo lingine linalofanya bili iume kuliko yuniti zenyewe. Kampuni nyingi za maji nchini hutoza kwa ngazi. Yuniti za kwanza zina bei nafuu, na ukivuka kiwango fulani kila yuniti ya ziada ni ghali zaidi. Mvujo basi unakunywa maji yako ya bei ya juu kabisa. Na kama nyumba imeunganishwa na bomba la majitaka, ada hiyo nayo mara nyingi huhesabiwa kutokana na maji yaliyosomwa kwenye mita. Maji yaliyozama kwenye udongo wa shamba lako unayalipia kana kwamba yalipitia chooni.

Mfereji unaodondoka si mshukiwa mkuu

Hili linawashangaza watu. Mfereji wa jikoni unaodondoka tone moja kila sekunde unapoteza takriban lita 20 kwa siku, yaani mtungi mmoja. Kwa mwezi ni lita 600, hata yuniti moja haijafika. Tengeneza, ndiyo, tena kwa kawaida ni kubadilisha mpira mdogo wa ndani, lakini usitarajie bili irudi chini kwa sababu ya huo mfereji pekee. Tunaufukuza kwa sababu tunausikia usiku.

Mwizi mkubwa hana kelele. Chukua glasi ya kawaida ya robo lita. Kama maji yanatiririka mahali kwa kiasi cha kujaza glasi hiyo kwa dakika moja, huo ni mkondo mwembamba kama kamba ya kiatu. Kwa siku ni lita 360. Kwa mwezi ni karibu yuniti 11. Hizo ndizo yuniti 10 zako za ziada, na zimetoka mahali pamoja palipo kimya kabisa.

Na mahali hapo, kwenye nyumba nyingi, ni choo.

Ndani ya tangi la choo kuna sehemu mbili zinazoharibika. Chini kuna mpira unaoziba maji yasishuke mpaka uvute. Ukizeeka, ukijikunja au ukishikwa na mchanga, maji yanapenya pole pole kuingia kwenye bakuli. Juu kuna boya linalopanda na maji na kufunga maji yanayoingia. Likikaa juu kupita kiasi au likishindwa kufunga, maji yanapanda hadi kwenye bomba dogo la kumwagia ziada lililo katikati, na kutoka hapo yanashuka bakulini. Kote kuwili hutaona tone sakafuni. Maji yanakwenda moja kwa moja kwenye majitaka, na tangi linajijaza tena na tena, usiku na mchana.

Kipimo chake ni rahisi mno. Nunua rangi ya chakula, ile ya kupikia keki. Weka matone machache ndani ya tangi la choo kabla ya kulala, na mtu yeyote asivute maji. Asubuhi, au hata baada ya nusu saa, tazama bakuli. Kama maji yamebadilika rangi, tangi linavuja. Halafu fungua kifuniko utazame kama maji yamefika kwenye mdomo wa lile bomba la katikati. Kama yamefika, tatizo ni boya. Kama yako chini ya hapo na bado rangi imeshuka, tatizo ni mpira wa chini. Ukijua hilo, unaenda dukani ukijua unachonunua, na fundi hakuuzii choo kizima. Ni afadhali upige picha ya kile kifaa cha zamani, au ukichomoe uende nacho, kwa sababu vipimo havifanani.

Kuisoma mita ikusimulie

Choo kikiwa salama na bili bado iko juu, nenda kwenye mita. Nambari nyeusi zinahesabu yuniti. Nambari nyekundu, au vile vishale vidogo vyekundu, vinahesabu sehemu za yuniti. Mita nyingi pia zina kijigurudumu chenye umbo la nyota au pembetatu kinachozunguka hata maji kidogo yanapopita. Hicho ndicho unachokitafuta.

Funga mifereji yote. Zima mashine ya kufua. Waambie watu wasivute choo. Kisha utazame hicho kijinyota kwa dakika mbili, tatu. Kikizunguka, kuna maji yanakwenda mahali. Kama mita yako haina nyota, piga picha ya nambari, subiri saa moja au mbili bila kutumia maji, upige nyingine. Usiku ndio wakati mzuri, watu wakishalala, na picha ya pili uipige alfajiri kabla mtu hajaamka kuoga. Simu inaweka tarehe na saa kwenye picha, na baadaye utaona kwa nini tunalisisitiza hilo.

Sasa kuna mitego miwili ambayo maelezo mengi ya mtandaoni hayaitaji, kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya nchi ambako maji hayakatiki.

Mtego wa kwanza ni mgao. Kama mtaa wenu unapata maji siku mbili kwa wiki, na wewe unafanya kipimo siku ambayo bomba la kampuni ni kavu, kijinyota kitatulia tuli. Utafurahi bure. Fanya kipimo siku maji yapo. Tena siku maji yanaporudi, hewa iliyokuwa ndani ya mabomba husukumwa mbele na inaweza kuizungusha mita kwa muda. Kwa hiyo usipime dakika ile maji yanafika, acha mtiririko utulie kwanza.

Mtego wa pili ni tangi. Nyumba nyingi zina tangi juu ya paa, la chini ya ardhi, au yote mawili. Mita inazunguka kwa sababu tangi linajaa, na hilo si kosa. Subiri lijae. Likishajaa na mita bado inazunguka, hapo una kesi.

Tangi linalomwagika usiku

Hapa tukae kidogo, kwa sababu huku kwetu hili ni chanzo kikubwa na watu hawalifikirii.

Tangi nalo lina boya, kama choo, ila kubwa zaidi. Tangi likijaa boya linatakiwa kufunga. Lisipofunga, maji ya ziada yanatoka kwa bomba la kumwagia. Sasa, maeneo mengi yenye mgao hupata maji usiku, tena kwa msukumo mkubwa kwa sababu watu wamelala na matumizi ni madogo. Tangi linajaa saa saba, boya halifungi, na maji yanamwagika hadi saa kumi na moja. Bomba la kumwagia limeelekezwa kwenye mtaro au nyuma ya ukuta, pengine limeingizwa moja kwa moja kwenye bomba la maji ya mvua. Asubuhi ukiamka kumekauka, au mtaro una unyevu ambao unaonekana kama umande. Hakuna aliyeona chochote.

Siku ya mgao, weka kengele ya simu usiku uende usikilize. Au, kama usingizi ni mtamu, weka ndoo chini ya mdomo wa bomba la kumwagia kabla ya kulala. Ndoo ikiamka na maji, boya linahitaji kubadilishwa. Kwa tangi la chini ya ardhi inabidi kufungua kifuniko na kuliangalia boya likiwa limejaa maji: liinue kwa mkono, na kama maji yanakatika ukiliinua lakini hayakatiki lenyewe, limepinda, limetoboka au limelegea. Usiingie ndani ya tangi, na usiache kifuniko wazi hata dakika moja kama kuna watoto. Hilo si jambo la bili tena.

Tangi la chini linaweza pia kupasuka na kuvuja kwenye udongo. Kujua hilo, funga maji yanayoingia, zima pampu, weka alama ya chaki ukutani pale maji yalipofika, uangalie asubuhi. Fanya hivyohivyo kwa tangi la juu. Ukiwa na tangi la mviringo lenye upana wa mita moja, kila sentimita moja inayoshuka ni karibu lita 8. Likishuka sentimita kumi usiku mmoja bila mtu kutumia maji, zimepotea lita 80, na zimepotelea kati ya tangi na mifereji ya nyumba.

Kama una pampu, kuna dalili nyingine: pampu inayojiwasha yenyewe saa nane usiku. Haiwezi kujiwasha bila maji kupungua mahali. Mvujo wa namna hii unakula maji na unakula tokeni za stima pia. Wale mnaotumia kisima na kudhani mvujo hauwahusu kwa sababu hamlipi kampuni ya maji, kaangalieni stima.

Kupunguza eneo la kutafuta

Mita inazunguka, choo ni kizima, tangi ni zima. Basi bomba. Kabla fundi hajaanza kuchimba au kuvunja vigae, funga koki ya kuingia ndani ya nyumba urudi kutazama mita. Ikitulia, mvujo uko ndani ya nyumba. Ikiendelea kuzunguka, mvujo uko kati ya mita na nyumba, yaani chini ya ua, chini ya simiti au chini ya mboga zako. Hapo tembea polepole ukifuata njia ya bomba. Tafuta udongo laini usiokauka hata jua likiwaka, nyasi za kijani sehemu moja wakati kwingine zimekauka, au simiti iliyozama. Ndani ya nyumba tafuta rangi ya ukuta inayobambuka, kigae kinachotoa sauti ya uwazi ukikigonga, mlango wa kabati ya sinki uliovimba, na ukungu kwenye ukuta unaopakana na bafu. Pwani, ambako maji ya visima vingi yana chumvi, anza na viungo vya chuma, maana chumvi huvila mapema.

Kwa kipimo hiki unaokoa pesa nyingi kuliko unavyodhani. Fundi anayeambiwa "maji yanavuja mahali" atatoza siku nzima ya kutafuta. Fundi anayeambiwa "ni kati ya mita na mlango, upande wa geti" ana kazi ya saa chache. Fundi wa kweli atakubali pia kwamba baada ya kutengeneza mrudi pamoja kwenye mita, nyote wawili mkitazama kijinyota kimetulia, ndipo umtumie pesa zake zilizobaki. Asiyetaka hilo, mtafakari.

Ikiwa umepanga

Kwa kawaida bomba la kabla ya mita ni jukumu la kampuni ya maji, na la baada ya mita ni jukumu la mwenye akaunti. Kwenye ploti mwenye akaunti ni landilodi, na wapangaji wana mita ndogo za mlango kwa mlango, au wanagawana bili kwa idadi ya nyumba. Kama kuna mita ndogo, jumlisheni usomaji wa zote kwa mwezi mmoja mlinganishe na mita kuu. Tofauti ndogo ni kawaida, mita hazifanani. Tofauti kubwa ni maji yanayopotea kwenye tangi au mabomba ya pamoja, na kwa maoni yetu hayo hayafai kugawiwa wapangaji mwezi baada ya mwezi kana kwamba waliyaoga. Mpelekeeni landilodi picha za mita na hesabu, kwa maandishi, kwa heshima. Mazungumzo yenye nambari huwa mafupi.

Kama kila kitu ni kizima na mita imetulia kabisa lakini yuniti bado ni za ajabu, sasa ndipo unaposhuku mita au msomaji. Nenda kwa ofisi ya kampuni yako ya maji na picha zako zenye tarehe, omba mita ikaguliwe, na uondoke na nambari ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Wasipokushughulikia, Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, WASREB, hupokea malalamiko ambayo kampuni imeshindwa kuyatatua. Usinyamaze ukaacha kulipa kabisa huku ukisubiri. Uliza ofisini kama unaweza kulipa kiasi chako cha kawaida wakati ukaguzi unaendelea, kwa sababu maji yakikatwa utalipa na ada ya kurudishiwa.

Na wakati wa kulipa, kaa chonjo. Mtu mwenye bili kubwa na hofu ya kukatiwa maji ndiye matapeli wanayemtafuta. Akitokea mtu kwa simu au mlangoni akisema umtumie nusu ya bili kwenye nambari yake binafsi afute deni, huyo si wa kampuni, hata akiwa na koti lenye nembo. Lipa kwa nambari ya malipo iliyo kwenye bili yako, andika nambari ya akaunti ukiisoma tarakimu moja moja, na jina la anayelipwa likitokea kwenye skrini lisome kabla hujaweka nambari yako ya siri. Ujumbe wa uthibitisho usiufute. Ukigundua umelipia akaunti isiyo yako, wasiliana na kampuni ya maji siku hiyohiyo na huo ujumbe mkononi, kwa sababu ni rahisi kwao kuhamisha malipo ya jana kuliko ya miezi mitatu iliyopita.